Chungwa la Muheza Sokoni Wote

Asubuhi ya Jumamosi moja, sokoni Wote, nilimkuta mama mmoja muuza matunda akimsimanga dereva wa lori kutoka Tanzania, aliyekuwa ameiacha barabara kuu ya Mombasa pale Makindu akaja kushusha matenga ya machungwa ya Muheza katika makao makuu ya Makueni, yaani katika nchi ambayo chungwa na embe ndivyo karo ya watoto na bati la nyumba. “Mwanaa mwaitu,” akamwambia, yaani ndugu yangu, “umeleta nazi Lamu!” Dereva hakughadhibika, aliinamisha kichwa kwa adabu ya kwao, akasema, “Shikamoo, mama,” na yule mama, ambaye salamu hiyo aliisoma shuleni akaiacha huko huko, akababaika kitambo kabla ya kuitika marahaba. Waliokuwapo wakacheka, nami nikavuta kreti tupu nikaketi, maana nilitambua kwamba mambo ndiyo kwanza yanaanza.

Asiyejua mila zetu angedhani ni hasama. Walakini utani si matusi, na katika Tanganyika ya zamani ulikuwa na kanuni zake zilizoheshimiwa: Wanyamwezi na Wazaramo, waliojuana katika misafara ya pembe baina ya bara na pwani, walihesabiana kuwa watani, na mtani alikuwa na ruhusa ya kumdhihaki mwenzake hata matangani, na aliyedhihakiwa akinuna, yeye ndiye mwenye makosa. Wakamba nao, ambao katika karne ya 19 walikuwa wakishuka Mombasa na pembe zao, ni watu wa misafara vilevile. Kwa hiyo sikustaajabu kuona kwamba mama yule hakuhitaji kufundishwa kanuni.

Hoja yake ya kwanza ilikuwa mlima. Mawingu yakifunguka, alisema, Kilimanjaro huonekana waziwazi kutoka Makindu na Emali, na mlima unaoutazama kila siku ni wako, hata kama jirani ndiye atozaye ada ya kuupanda. Tena mlima wenyewe walipewa bure tu, Malkia Victoria alipomtunukia mjukuu wake, Kaizari wa Wajerumani, siku yake ya kuzaliwa. Hapo, kwa ila yangu ya kusoma vitabu, nikathubutu kuingilia kati nikawaeleza kwamba Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mpaka ule, utokao mdomo wa mto Umba na kuzunguka chini ya mlima kwa upande wa kaskazini, mwaka 1886, ilhali mjukuu huyo, Wilhelm wa Pili, hakukalia kiti cha enzi mpaka mwaka 1888, na kwa hiyo hadithi ya zawadi, ijapokuwa tamu, haina asili. Wote wawili wakanigeukia kwa pamoja. “Mzee,” akauliza dereva, “wewe umekuja kununua au kutuharibia?” Nikanyamaza.

Wakapita haraka kwenye siasa, maana kila mmoja alikuwa na silaha tayari: huyu akisema kwamba Wakenya hupiga kura mara mbili, mara ya kwanza kituoni na mara ya pili mahakamani, kama ilivyokuwa mwaka 2017, na huyu akijibu kwamba Watanzania hawana haja ya kupiga hata hiyo moja, kwa kuwa tangu uhuru ni chama kilekile kilichobadili joho mwaka 1977, TANU na Afro-Shirazi wakawa CCM. Wakapita pia kwenye chungu, wakakubaliana kwamba muthokoi wa Ukambani na makande ya Tanzania ni ndugu wa tumbo moja, mahindi yaliyokobolewa yakachanganywa na maharage. Walichobishania ni nani aliyemfundisha mwenzake.

Turufu ya mama ilikuwa jina. Ni Mkamba, alisema, aliyeipa nchi jina lake. Na hapa nakiri alikuwa na insafu, kwani Krapf, mmisionari, aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Kitui, kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri, akaliandika jina kama alivyolisikia kwa Wakamba, nasi tukalirithi. Dereva akafikiri, akasema: “Lenu alilibeba mpita njia. Letu tulilifinyanga wenyewe, mwaka 1964.”

Nilipokuwa nikicheka nilikumbuka kwamba wakubwa wetu nao waliwahi kutaniana, magazeti ya Dar es Salaam yakiwaita mabepari wa Kenya nyang'au, na Nairobi ikijibu kwamba huko kwenu hakuna hata cha kuliwa. Lakini wao hawakuijua kanuni, wakanuna, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967 ikavunjika mwaka 1977, na mpaka ukafungwa hadi mwaka 1983, muda ambao chungwa la Muheza lisingefika Wote kwa njia ya halali. Kwa maoni yangu, ambayo sikuyasema nikiogopa kugeukiwa mara ya pili, siasa ya nje wangeachiwa watu wa sokoni.

Kabla ya adhuhuri matenga yalikuwa yamekwisha, mengi yakiwa yamenunuliwa na mama mwenyewe. Dereva aliondoka na gunia la muthokoi la kumpelekea mkewe, akapunguziwa shilingi hamsini.