Baridi ya Mwezi wa Saba

Hadithi, hadithi!
Hadithi njoo!

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo sungura na fisi wapumzike, tuizungumzie baridi. Mwezi wa saba hapa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ziko alfajiri ambazo umande huganda juu ya majani ya viazi. Makambako iko chini kidogo, lakini muulizeni yeyote aliyewahi kusubiri basi pale njiapanda asubuhi. Upepo wake unakunyang'anya ile hewa ya uvuguvugu inayoizunguka ngozi, basi unatetemeka na koti lako mwilini.

Sasa chukueni ndoo ya maji yaliyolala nje. Unajimwagia kopo la kwanza: hah! Pumzi inaingia bila hodi, moyo unaenda mbio. Ngozi imepeleka habari, na mwili unabana mishipa ya juu ili damu yenye joto ibaki ndani. Moyo huwezi kuuamuru utulie. Mishipa nayo haikusikilizi. Mtumishi mmoja tu anakutii: pumzi. Itoe polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, na moyo nao utapunguza mbio. Dakika moja au mbili, mshtuko umepita. Anayeyazoea maji hayo hushtuka kidogo kuliko mgeni.

Yupo Mholanzi aitwaye Wim Hof aliyeyageuza mambo haya kuwa somo. Huvuta pumzi nyingi nzito, hubana pumzi, kisha huingia kwenye barafu. Hata Kilimanjaro yetu ameipanda na kaptula. Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya jaribio lao: watu 24 walichomwa sindano ya sumu ya bakteria, na wale 12 waliofundishwa njia ya Hof walipata dalili chache za ugonjwa kuliko wenzao.

"Babu, twende mtoni Ruhuji tukajaribu!"

Thubutu! Sikilizeni kwanza. Kinachokusukuma uvute pumzi ni hewa chafu inayojaa kwenye damu. Ukipumua harakaharaka unaifukuza, basi mwili haukuonyi tena. Hewa safi inapungua kimyakimya, unazimia. Aliyezimia kitandani huamka. Aliyezimia majini huzama. Kwa hiyo pumzi za Hof si za mtoni, wala si za watoto, wala si za mwenye ugonjwa wa moyo au kifafa.

Zenu ni hizi: asubuhi nawa uso kwa maji baridi, vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita. Kisha jifute, vaa sweta, unywe uji.

Na usiku, jiko la mkaa lisiingie chumbani mnamolala. Hewa yake ya sumu haina harufu, na hakuna zoezi la pumzi linaloishinda.