Muuguzi wa wagonjwa wa akili, kazi ya kusitiri



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Katika safu hii tumeshazungumza juu ya maji safi, kucha, vyoo na minyoo. Leo nakuomba tuingie pamoja katika nyumba ambayo wengi wetu tunaipita tukigeuza uso, nayo ni wodi ya wagonjwa wa akili.

Ukimwambia mtu wa Unguja kwamba unafanya kazi Kidongo Chekundu, kwanza atacheka, kisha atakutazama mara ya pili. Jina hilo tumelifanya tusi. Watoto wakitaniana huambiana, "Wewe wa Kidongo Chekundu." Hali ya kuwa pale, si mbali na Mji Mkongwe, ndipo ilipo hospitali ya magonjwa ya akili ya Zanzibar, ambayo hupokea wagonjwa wa Unguja na hata wanaovushwa bahari kutoka Pemba. Ni watoto wetu, mama zetu na majirani zetu.

Mimi nilitoka chuoni nikiwa nimehitimu masomo ya dini, kisha nikasomea utabibu. Wakati wa mafunzo nilipangiwa wiki kadhaa katika wodi ya wagonjwa wa akili ya hospitali moja. Nilikwenda na hofu. Nilidhani kazi ya muuguzi wa huko ni kuwashika watu kwa nguvu na kuwachoma sindano. Siku ya kwanza nilimkuta muuguzi, mama wa makamo, amechutama mbele ya mzee mmoja, anamkata kucha huku wakizungumza habari za bei ya pweza. Mzee yule alikuwa na siku kumi hakukubali kuguswa na mtu.

Kazi yenyewe ilivyo

Zamu huanza kwa makabidhiano. Anayetoka humweleza anayeingia nani amelala, nani hakulala, nani amekataa kula, nani amesema maneno ya kutaka kufa. Kisha huhesabiwa watu, na huhesabiwa vitu: wembe, mikasi, hata kamba. Si kwa kuwadhania ubaya wagonjwa, bali kwa sababu mgonjwa mwenye huzuni kubwa anaweza kujidhuru kwa kitu kidogo, wakati ambapo hakuna anayemtazama.

Baadaye huja kuoga. Maradhi haya humfanya mtu asahau mwili wake. Wengine hufika na chawa, upele na nguo za wiki tatu. Muuguzi huandaa maji, sabuni na nguo safi, na humwogesha asiyeweza, mwanamke kwa mwanamke, mwanamume kwa mwanamume. Aliyepata nafuu hupewa maji ya udhu na kuonyeshwa kibla. Nimeona mtu akilia kwa furaha kwa kuwa ameikumbuka tena Alhamdu.

Kisha dawa. Muuguzi husimama mpaka kidonge kimemezwa, kwani wako wanaokificha chini ya ulimi. Yuko pia asiyekula kwa kuamini kuwa chakula kimetiwa sumu. Huyo hashindwi kwa ubishi. Muuguzi humletea ndizi ambayo haijamenywa au yai lenye ganda lake, akamenya mwenyewe kwa mkono wake. Mgonjwa akisema anasikia sauti, muuguzi hamwambii "muongo", wala hamwambii "na mimi nazisikia". Humwambia, "Mimi sizisikii, lakini naona zinakutisha. Nitakaa hapa na wewe."

Kweli wako wanaopandwa na ghadhabu, na wauguzi hupigwa mara nyengine. Lakini wagonjwa wengi wa akili hawamgusi mtu, wao ndio wanaodhulumiwa zaidi. Muuguzi aliyefunzwa vizuri huzungumza kwa sauti ya chini, hamkaribii mgonjwa kwa nyuma, wala hamzibii mlango. Kumshika kwa nguvu ni jambo la mwisho.

Mama na mtandio wake

Ndugu msomaji, nitakusimulia kisa kimoja bila ya kutaja jina wala mtaa. Katika wiki zile aliletwa dada mmoja, siku ishirini na tano baada ya kujifungua mtoto wake wa kwanza. Tangu wiki ya kwanza ya uzazi alikuwa halali, anasema mtoto amebadilishwa, anatoka nje usiku kichwa wazi. Nyumbani walisema ameingiwa na jini. Akapelekwa kwa mganga, akafukizwa, akafungwa kamba. Alipofika kwetu, viganja vilikuwa vimevimba na kamba imekula nyama. Maziwa yalikuwa yamemjaa mpaka matiti yamekuwa magumu kama jiwe, na ana homa.

Maradhi yale yana jina katika utabibu, ni kuchafukwa akili baada ya uzazi. Humpata mzazi mmoja au wawili katika kila elfu, aghalabu ndani ya wiki mbili za mwanzo, na ni dharura kama kutoka damu, kwani mama anaweza kujiua au kumdhuru mtoto bila ya kujua alitendalo. Kwa matibabu, wengi hupona.

Yule mama muuguzi alimwosha vidonda, akamkanda matiti, akampa dawa, akalala kwenye kiti kando yake. Kila alipojifunua, alimfunika. Siku ya tano mgonjwa alizungumza neno lake la kwanza lenye akili. Hakuuliza mume wala nyumba. Alisema, "Mtandio wangu uko wapi?"

Mume alipokuja, muuguzi alimchukua pembeni akamwambia, "Mwanangu, mkeo anataka mtandio. Nenda kauchukue nyumbani, umvishe wewe mwenyewe." Kijana alisimama kimya, kisha akasema, "Mama, mimi ndiye niliyeishika kamba." Muuguzi akamjibu, "Basi na mtandio ushike wewe." Akaenda, akarudi nao kabla ya Alasiri.

Nilikumbuka pale Hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyekuwa na kifafa, akamwendea Mtume (s.a.w.) kuomba dua. Alihiyarishwa baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Alichagua subira, lakini akaomba dua moja, asifunuke anapoanguka. Mtume (s.a.w.) akamwombea. Hakumfukuza wala hakumfunga. Basi anayemsitiri mgonjwa wa aina hii anafanya kazi yenye asili kubwa.

Wahenga wetu waliyajua haya. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kinachoeleza kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua. Hospitali ya Sultani Qalawun, iliyojengwa Cairo mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Vipi sisi leo tunaona aibu?

Nini tufanye majumbani

Kwanza, mlete mgonjwa mapema. Asiyelala siku nyingi, anayezungumza peke yake, anayejitenga au anayetamani kufa, apelekwe hospitali. Mzazi akibadilika akili, asingojwe hata siku moja.

Pili, kusomewa Qur-ani hakugombani na dawa. Aliyeteremsha maradhi ameteremsha na dawa yake. Msomee, muombee, lakini usimfunge, usimpige, usimfukize moshi, wala usimwachishe vidonge kwa sababu sheikh amekuja.

Tatu, subiri. Usingizi na utulivu hurudi baada ya siku chache, lakini fikra za uongo na sauti huchukua wiki kadhaa. Akipona, asiache dawa mpaka daktari aseme, kwani wengi hurejea wodini kwa kuacha wenyewe. Akikakamaa shingo, akitetemeka au akitokwa na udenda, mrudishe kliniki, kuna dawa ya kuondoa hayo.

Nne, Ramadhani isimkute bila ya ushauri. Wako wanaoweza kuhamishiwa dawa zao wakati wa futari na daku. Wako wasiofaa kufunga, kwani baadhi ya dawa, kama lithiamu, huwa hatari mwili ukikosa maji. Sheria imempa mgonjwa ruhusa, na asiye na akili kalamu imeinuliwa kwake mpaka azinduke.

Tano, nendeni mkawachukue watu wenu. Muuguzi mmoja aliniambia kwamba kupigwa hakumuumizi kama kumwona mgonjwa aliyepona amefunga kitita chake cha nguo, amekaa karibu na lango, na simu ya nyumbani haipokelewi. Dawa ya hilo haimo katika stoo ya hospitali. Imo kwako.

Na mwisho, ukikutana na muuguzi wa wagonjwa wa akili, usimcheke. Msalimie na umuombee dua. Anawaosha, anawalisha na kuwasitiri watu wetu tulioshindwa nao sisi.

Wabillahi tawfiq.