Kijerumani cha Filamu za Vita na Kazi ya Mfasiri

Filamu za vita hutufikia kwa njia ya Kiingereza, nazo huleta Kijerumani ambacho aghalabu Mjerumani mwenyewe angekishangaa. Huku Magamba, Mpanda, kama kwingineko nchini, filamu hizo hutazamwa zikiwa zimetiwa sauti ya mfasiri wa Kiswahili. Naye asipokuwa mwangalifu hulipokea kosa la mtunzi na kuliongezea la kwake. Jambo hili si dogo kwetu, kwani Vita vya 1914 hadi 1918 vilipiganwa katika ardhi hii, na baadhi ya maneno yaliyotumika humo ni mali yetu.

Tuanze na neno askari. Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiswahili ni mtu yeyote wa jeshi, polisi au ulinzi, awe mweusi au mweupe. Wajerumani walipoliazima walilifinya, wakalifanya jina la mwanajeshi Mwafrika tu. Mwenzake wa Kizungu akabaki kuwa Soldat. Kiingereza cha filamu kimefuata ubaguzi huohuo. Hivyo mhusika anaposema kwamba wamekufa wanajeshi watano na askari hamsini, tafsiri ya neno kwa neno haimwambii kitu Mswahili. Hapana budi kusema: askari watano wa Kizungu na hamsini wa Kiafrika. Neno hili lilisafiri mbali zaidi. Katika taarifa ya Jürgen Stroop ya mwaka 1943, juu ya kuangamizwa kwa mtaa wa Wayahudi mjini Warsaw, Askaris ni wasaidizi wa SS waliotoka Ulaya ya Mashariki. Mfasiri akilisikia humo, asidhani wanatajwa Waafrika.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni la vyeo. Hermann von Wissmann alipounda kikosi chake mwaka 1889, sehemu kubwa ya watu wake walikuwa Wasudani waliowahi kutumikia jeshi la Misri, nao walikuja na vyeo vyao vya Kituruki. Jeshi la kikoloni likavihifadhi: ombasha, ambaye kwa asili ni mkuu wa watu kumi, shaushi, betshaushi, soli, na juu yao efendi. Vyeo vya Kijerumani kama Feldwebel vilikuwa vya Wazungu. Mtunzi anayempa ombasha cheo cha Kijerumani, au anayemwacha bila cheo chochote, anawafuta watu waliokuwa na daraja zao na majina ya daraja hizo. Mfasiri anaweza kurekebisha hapa bila kuidhulumu filamu, kwa kuwa maneno yapo. Efendi, kwa mfano, hajatutoka: ndiye afande wa kila kituo cha polisi.

Adabu ya jeshini nayo huharibiwa. "Jawohl, mein Herr" ni maneno ya mtumishi wa hoteli. Mwanajeshi wa Kijerumani alimwita mkubwa wake kwa Herr pamoja na cheo: Herr Leutnant, Herr Hauptmann. Katika SS, kinyume chake, neno Herr liliachwa kabisa, kikatajwa cheo peke yake. Na hapo ndipo filamu zinapolipachika. Achtung nayo, ambayo watoto wetu huipiga kelele mchezoni, maana yake ni tahadhari au sikilizeni. Amri ya gwaride ya kusimama wima ni Stillgestanden.

Lugha ya mitaani ya askari inahitaji uangalifu wa namna nyingine, maana ukiifasiri neno kwa neno unapotea. Gulaschkanone, yaani mzinga wa gulashi, si silaha bali ni jiko la jeshi la kukokotwa, lililofananishwa na mzinga kwa ajili ya dohani lake. Kettenhund, mbwa wa mnyororo, ni polisi wa jeshi, ambaye alivaa bamba la chuma kifuani lililoning'inia kwa mnyororo. "Mbwa wa mnyororo" kwa Kiswahili yaweza kupita, mradi mtazamaji aonyeshwe kwanza ni nani anayetukanwa.

Jina la jeshi lenyewe, Schutztruppe, lina mtego. Kwa herufi ni kikosi cha ulinzi, na nimeona likifasiriwa hivyo bila wasiwasi. Lakini walilindwa nani? Aliyelipa jina hilo alikuwa mtawala, na Kiswahili hakina deni la kumsaidia kujisifu. Tena nchini Kenya, Jeshi la Ulinzi ni jina la jeshi la taifa huru. Napendekeza "jeshi la kikoloni la Wajerumani", hata kama midomo ya mwigizaji itafunga kabla ya maneno kwisha.

Mwisho, hela. Neno limetokana na Heller, sarafu iliyoanza kutumika hapa mwaka 1904, mia moja kwa rupia; kabla yake rupia ilikuwa pesa sitini na nne. Mfasiri wa filamu juu ya Vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905, ana ruhusa ya kulitia neno hilo kinywani mwa Mjerumani. Wa filamu juu ya Mkwawa, aliyekufa 1898, hana.