Siti ya Mbele, Mlango wa Nyuma

Ndege ya Precision Air inapozima injini Mwanza, hutokea kioja kidogo ambacho wasafiri wa mara kwa mara wamekizoea. Abiria wa safu ya kwanza, aliyewahi uwanjani alfajiri ili apate siti ya mbele, anasimama upesi, anashusha begi lake, anageuka, na kukuta ndege nzima imempa mgongo. Mlango uko nyuma. Aliyejihesabu wa kwanza ndiye atakayekanyaga lami wa mwisho.

Hakuna aliyemdanganya. Ndivyo ATR zilivyoumbwa, iwe 42 au 72, ndege za kampuni ya Ufaransa na Italia ambazo zimebeba safari nyingi za ndani nchini Tanzania. Mlango mkubwa unaoonekana mbele kushoto ni wa mizigo, na kati ya marubani na abiria kuna chumba cha kuhifadhia mabegi. Abiria hupandia na kushukia nyuma, kwenye mlango unaofunguka kwenda chini pamoja na ngazi zake. Muundo huo una faida kubwa kwa viwanja vidogo: ndege inatua, inajishushia ngazi, watu wanatembea hadi jengoni. Hakuna haja ya kusubiri gari la ngazi.

Muundo huo una kero yake pia, ingawa si ya abiria. Watu wanapojazana mkiani wakisubiri kushuka, na mizigo ya mbele ikiwa imeshatolewa, uzito wote huhamia nyuma. Ndiyo maana wahudumu wa uwanjani huweka nguzo chini ya mkia, ndege isije ikakalia makalio yake.

Kwa hiyo anayesafiri kwa ATR na ana haraka, siti yake ni ya safu za mwisho. Atapata na utulivu kidogo, kwa kuwa panga za propela ziko mbele ya mabawa na mngurumo wake huwaelemea zaidi wanaokaa usawa wake.

Ukihamia kwenye Bombadia, hesabu inageuka. Air Tanzania ilipopokea mbili za aina hiyo, Dash 8 Q400, Septemba 2016, mitaani ziliitwa ndege za panga boi, na mabishano ya kisiasa yakachukua nafasi kubwa kuliko maelezo ya ndege yenyewe. Kila moja ina viti 76, na mlango wake wenye ngazi uko mbele kushoto, nyuma ya chumba cha rubani. Nyuma nako kuna mlango wa abiria, lakini huo hauna ngazi zake. Ukifunguliwa ni kwa sababu uwanja umeleta ngazi. Jambojet ya Kenya nayo huendesha Q400 kutoka Nairobi kwenda Mombasa na Kisumu. Kwa nje, mtu asiyezijua anaweza kuziona ATR na Q400 kama ndugu: zote mbawa juu, zote propela mbili. Kwa mwenye ndege nyingine ya kuwahi, kosa la kuzichanganya ni la kutoka wa kwanza au wa sabini.

Kwenye ndege za jeti kanuni ya mbele inashika vizuri zaidi. Embraer 190 ya Kenya Airways ina viti viwili kila upande, hakuna wa katikati, na tofauti ya dirishani na njiani ni ndogo. Airbus A220-300, ambayo Air Tanzania ilikuwa shirika la kwanza Afrika kuipokea, mwishoni mwa 2018, ina viti viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili. Hapo upande wa viti viwili una nafuu: mtu mmoja tu ndiye wa kumpisha. Lakini pale uwanja unapoweka ngazi mbele na nyuma, safu za mkiani hutoka sawa na za mbele, na anayesota ni yule wa katikati ya ndege, juu ya bawa.

Cessna Caravan za injini moja, zile za Zanzibar na za mbugani, hazina mjadala. Mlango wa abiria uko nyuma kulia, ila siti huchagui wewe. Abiria hupangwa kwa uzito, na mwili mkubwa ukiambiwa ukae mbele, unakaa mbele. Safari ya Dar es Salaam hadi Zanzibar ni kama dakika 20 hewani. Hata wa mwisho kushuka hajachelewa.

Na hapa ndipo penye siri ambayo wauza siti za malipo ya ziada hawaisemi: siti ya karibu na mlango ina thamani kwa mwenye begi la mkononi peke yake. Aliyekabidhi sanduku atawahi kushuka, kisha atasimama kwenye mkanda wa mizigo bega kwa bega na yule wa safu ya mwisho. Basi la uwanjani nalo hugeuza foleni. Anayeshuka wa kwanza huingia ndani kabisa, akasubiri hadi lijae. Anayepanda wa mwisho hubanana mlangoni, na jengoni ndiye anayetoka wa kwanza.

Ziko haraka za aina nyingine, ambazo hakuna anayeziwazia anapochagua siti.

Tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Ndani yake walikuwemo watu 43. 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili. Sehemu ya mbele ilizama, mkia ukabaki juu ya maji, na mlango wa nyuma ukawa ndio njia ya uhai. Wavuvi waliokuwa ziwani walifika na mitumbwi kusaidia kabla ya vikosi vya uokoaji. Mlango uleule unaomkera abiria wa safu ya kwanza pale Mwanza ndio uliotoa watu wakiwa hai.

Isidhaniwe kwamba nyuma ndiko salama siku zote. Ajali nyingine ingekuwa na sura nyingine. Ndege yenye viti zaidi ya 44 hairuhusiwi kubeba abiria mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Maana yake mlango ulioingilia huenda usiwe ule utakaotokea. Kwenye ATR, milango ya dharura ya mbele iko pande zote mbili za safu za mwanzo, na abiria wengi hukaa ubavuni pake bila kuitazama.

Tarehe 2 Januari 2024, Airbus A350 ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani kwenye barabara ya kurukia ya Haneda, Tokyo, ikashika moto. Watu wote 379 waliokuwa ndani ya A350 walitoka hai kupitia milango mitatu tu kati ya minane. Mabegi waliyaacha.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia siti, muulize karani ndege ni aina gani na mlango wake uko wapi. Ukishakaa, hesabu safu zilizopo kati yako na milango miwili iliyo karibu. Na kama una sanduku kubwa chini, okoa fedha yako, kaa popote.