Kumpata Msaidizi wa Safari kwa Gharama Nafuu

Mkazi wa Mafia mwenye ulemavu anayekwenda kutibiwa Muhimbili huvuka bahari kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, kisha huendelea kwa gari hadi Dar es Salaam. Akikosa msaidizi, tarehe ya kliniki humpita.

Gharama ya msaidizi haiishii kwenye ujira. Zimo pia nauli ya kwenda na kurudi, chakula na malazi. Kwa hiyo abiria na aanze kwa kuorodhesha msaada anaouhitaji. Anayehitaji kubebwa gatini tu aweza kupatana na mtu mmoja Kilindoni na mwingine Nyamisati, asilipie safari nzima. Anayehitaji kupelekwa msalani au kugeuzwa kitandani usiku atafute kwanza mtu mwenye safari yake mwenyewe, ili amlipe ujira pekee. Abiria wawili wenye kliniki siku moja waweza pia kuchangia msaidizi. Afisa Ustawi wa Jamii aulizwe kama yupo mwenzi wa namna hiyo.

Makubaliano yaandikwe mbele ya shahidi, yakitaja kazi, malipo, na atakayegharamia siku za ziada endapo bahari itachafuka. Ndugu watashauri, lakini mwenye kumchagua msaidizi ni abiria mwenyewe, kwa kuwa mwili utakaoshikwa ni wake.