Uzi wa Machapisho 10 Unapoteza Wasomaji Wangapi?

Tuseme umeandika uzi wa machapisho 10 kwenye X. Watu 1,000 wamesoma la kwanza, kisha kila hatua wanaendelea 8 kati ya 10. Utadhani hao ni wengi. Lakini wanaofika mwisho ni 134 tu.

Huu ni mfano wa hesabu, lakini unaonyesha pa kuanzia. Ukinoa kila chapisho mpaka waendelee 9 kati ya 10, watamaliza 387. Ukiacha maneno yako kama yalivyo, ukakata uzi ubaki na machapisho matano, watamaliza 410. Kunoa machapisho kumi kunakula usiku mzima. Kufuta matano, nusu saa.

Na nafasi ipo. Tangu Novemba 2017 chapisho la akaunti ya kawaida, isiyolipiwa, hubeba herufi 280, mara mbili ya zile 140 za awali. Kiswahili chenyewe hakina ubadhirifu: “hawajatuandikia” ni neno moja la herufi 15, ambalo Kiingereza hulisema kwa maneno saba. Kinachoniuma ni salamu. “Habari za wakati huu wapendwa, fuataneni nami katika uzi huu” imekula herufi 60, zaidi ya moja ya tano ya chapisho linalobeba uzi mzima, na msomaji bado hajaambiwa kitu. Adabu ni njema, ila hapa iwekwe mwishoni, unapowashukuru waliofika.

Uzi mrefu unawezekana? Oktoba 2015, Mmarekani A’Ziah King alisimulia safari yake ya Florida kwa machapisho 148, akiyatuma moja moja, miaka miwili kabla Twitter, kama X ilivyoitwa wakati huo, haijaweka kitufe cha kuunganisha machapisho kuwa uzi. Kisa kikawa filamu, *Zola*, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2020. Ila tazama gharama yake: ili karibu nusu ya wasomaji wamalize machapisho 148, kila hatua isipoteze zaidi ya watu 5 katika 1,000. Kilichombeba ni kuwa na tukio jipya karibu kila chapisho: mtu anaingia, simu inapigwa, mlango unafunguliwa.

Basi kabla hujabonyeza kutuma, pitia uzi wako ukiuliza kila chapisho limeleta nini kipya. Lisilo na jibu, lifute. Likibaki moja tu, tuma hilo moja.