Mgema akisifiwa: ukinunua wiski yako ya kwanza ya Kijapani, anza na lebo

Mwaka jana baba mkwe wangu alitimiza miaka sabini. Ni mzee wa Shirere, hapa Kakamega, mhasibu mstaafu, mtu wa maneno machache. Starehe yake ni moja tu: Jumamosi jioni hujimiminia Scotch kidogo, akaketi barazani, na chupa moja humkalia miezi. Wiki chache kabla ya sherehe aliniambia, kama mtu anayetania lakini hatanii, “Mkwe, nasikia siku hizi Wajapani wanawatoa jasho Waskoti. Ningependa kuonja.”

Mimi ni mtoto wa Kaloleni. Nimekulia chini ya minazi, na ukinipa mnazi nitakwambia umegemwa asubuhi au umelala. Wiski sikuijua. Nilikwenda dukani mjini nikaona chupa ya kupendeza, ina maandishi ya Kijapani, mlima na tawi la maua. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya Scotch ya mzee. Nikalipa bila kuuliza.

Siku ya sherehe mzee aliipokea kwa mikono miwili, akavaa miwani, akasoma mbele, kisha akaigeuza nyuma. Akasoma polepole. Halafu akaniuliza, “Hii, mkwe, imetengenezwa wapi hasa?” Nikaichukua nikasoma na mimi. Mbele palikuwa na Japani nzima. Nyuma, kwa herufi ndogo, paliandikwa nani ameitia kwenye chupa, basi. Ilikotoka wiski yenyewe hapakutajwa. Mzee alicheka, akanishukuru, akainywa. Lakini mkwe ni mkwe, ndugu zangu. Nilirudi nyumbani na aibu yangu, nikaanza kusoma.

Najua wengi katika nyinyi hamnywi, na dini imekataza. Sikuja kumshawishi mtu. Lakini anayenunua udi, asali au mafuta ya kujipaka ataona kwamba habari hii inamhusu, kwa sababu ni habari ya jina zuri na yanayotokea jina likishakuwa zuri.

Mtoto wa Scotch

Tuanze na wiski yenyewe ni nini. Akina mama wanaopika busaa huku Magharibi huotesha wimbi, wakalikausha, wakalisaga. Hicho ni kimea. Waskoti hufanya vivyo hivyo kwa shayiri. Kimea kinachachushwa kikawa pombe, pombe inachemshwa na mvuke wake kukusanywa, kama chang'aa inavyopatikana. Tofauti kubwa inakuja baadaye: kinywaji kile kinawekwa ndani ya pipa la mbao za mwaloni kwa miaka, na humo ndimo kinapopata rangi na sehemu kubwa ya ladha.

Wajapani waliijifunza kazi hii Scotland kwenyewe. Mwaka 1918 kijana Masataka Taketsuru, mtoto wa familia ya watengenezaji wa sake kutoka Takehara, alisafiri hadi Scotland. Alisoma Glasgow, akafanya kazi katika viwanda vya wiski, akaandika kila alichokiona. Mwaka 1920 alimuoa binti wa huko, Rita Cowan, wakarudi Japani pamoja.

Mfanyabiashara Shinjiro Torii akamwajiri, na mwaka 1923 wakaanza kujenga kiwanda cha Yamazaki karibu na Kyoto. Wiski yao ya kwanza ilitoka 1929. Ilikuwa na moshi mwingi, kama alivyofundishwa Taketsuru, na Wajapani hawakuipenda. Wawili hao waliachana. Torii akaendelea kutafuta ladha nyororo inayowafaa watu wake. Kampuni yake leo ni Suntory. Taketsuru alikwenda kaskazini, kwenye baridi ya Hokkaido, na mwaka 1934 akaanzisha kiwanda cha Yoichi. Kampuni yake leo ni Nikka.

Kwa hiyo mnywaji wa Scotch haendi ugenini. Anakwenda kumtembelea mtoto wa rafiki yake wa zamani.

Sifa zilipokuja

Kwa miaka mingi dunia haikuijali wiski ya Japani. Kisha mwaka 2001 wiski ya Yoichi ya miaka kumi ikapata ushindi mkubwa katika mashindano ya jarida moja la Uingereza. Na katika kitabu chake cha mwaka 2015 mwandishi Jim Murray akaitaja wiski ya Yamazaki, iliyozeeshwa katika mapipa ya divai ya sheri, kuwa bora duniani.

Wazee wetu walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tembo la methali hii ni mnazi, na kila mtu wa Kaloleni anajua linavyotokea. Mnazi mmoja hutoa kiasi chake kwa siku. Wateja wakiongezeka ghafla, mnazi hauongezi chochote. Kinachoongezeka ni maji.

Na wiski ni hivyo hivyo, tena zaidi. Ukitaka kuuza wiski ya miaka kumi na miwili leo, ilibidi uwe umeiweka pipani miaka kumi na miwili iliyopita, na wakati ule wanywaji walikuwa wachache. Akiba ikapungua. Wenye viwanda wakaanza kuondoa sokoni chupa zenye umri ulioandikwa. Hibiki ya miaka 12 ilisimamishwa mwaka 2015, na mwaka 2018 Suntory ikatangaza kuisimamisha Hibiki ya miaka 17.

Hapo pengo likaonekana. Sheria ya Japani haikusema kwamba wiski lazima itengenezwe Japani, wala kwamba lazima izeeke miaka fulani. Mtu aliweza kununua wiski kwa mapipa kutoka Scotland au Kanada, akaitia kwenye chupa huko Japani, akabandika jina la Kijapani. Wengine walichukua kinywaji cha mchele kilichokaa kidogo pipani wakakiuza ng'ambo kwa jina la wiski. Hakuna aliyevunja sheria, lakini mnunuzi alikuwa analipia Japani na kupewa kitu kingine.

Kanuni mpya, na mipaka yake

Wajapani wenyewe waliliona hilo. Februari 2021 chama cha watengenezaji wa wiski na vinywaji vikali cha Japani kilitangaza kanuni, zikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 2021. Wanachama walipewa hadi mwisho wa Machi 2024 kurekebisha lebo zao. Ili chupa iandikwe “Japanese Whisky”, ni lazima:

- itumie kimea cha nafaka, na maji yawe ya Japani;
- ichachushwe na ichemshwe Japani;
- ikae Japani ndani ya pipa la mbao lisilozidi lita 700, kwa muda usiopungua miaka 3;
- itiwe kwenye chupa Japani, ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40.

Mnywaji wa Scotch atayatambua mengi hapo: miaka mitatu, lita 700, asilimia 40. Ni masharti ya Scotch yaliyovaa kimono. Kanuni zikaongeza jambo moja la maana: wiski isiyotimiza masharti haya isipambwe kwa majina ya watu, miji, milima au mito ya Japani wala bendera yake, ili mnunuzi asidanganyike.

Lakini sikiliza vizuri. Hii ni kanuni ya chama, siyo sheria ya bunge. Asiye mwanachama hafungwi nayo. Ndiyo maana chupa kama ile niliyompelekea mzee bado zinaweza kukaa rafuni.

Na kutotimiza kanuni hakumaanishi ubaya. Nikka walitoka hadharani wakaorodhesha ni zipi kati ya wiski zao zinazotimiza na zipi hazitimizi. Nikka From the Barrel, inayopendwa na wengi, imo katika zile zisizotimiza. Suntory wana chupa iitwayo Ao, ambayo imechanganywa kutoka nchi tano na lebo yake inasema hivyo. Huyo ni mgema anayekwambia, “Hili nimelichanganya.” Unanunua ukijua. Ubaya ni kunyamaza.

Dukani, chupa ikiwa mkononi

Jambo la kwanza hapa kwetu halina uhusiano na Japani. Ni uhai. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya Wakenya katika kaunti kadhaa, na wengine wakapofuka. Chupa ya bei kubwa nayo hughushiwa, tena ndiyo inayomlipa mghushi. Angalia kifuniko kama hakijaguswa, angalia stempu ya ushuru ya KRA, na uikague stempu hiyo kwa simu kupitia programu yao ya Soma Label. Bei ikiwa rahisi mno, acha.

Pili, tafuta maneno mawili yakiwa pamoja: “Japanese Whisky”. “Whisky” peke yake kando ya picha ya mlima haitoshi. Kisha geuza nyuma usome kilichoandikwa kuhusu mahali ilikotengenezwa, na siyo ilikotiwa kwenye chupa tu. Fanya kama baba mkwe: miwani kwanza, pochi baadaye.

Tatu, jua aina. “Single malt” ni wiski ya kimea kitupu kutoka kiwanda kimoja. “Blended” ni mchanganyiko wa wiski ya kimea na wiski ya nafaka nyingine kama mahindi. Usidhani mchanganyiko ni wa hali ya chini. Huko Scotland kampuni hubadilishana mapipa ili zipate ladha mbalimbali za kuchanganya. Kampuni kubwa za Japani kwa kawaida hazikuwa na desturi hiyo, kwa hiyo kila moja ilijifunza kutengeneza ladha nyingi ndani ya viwanda vyake yenyewe. Kuchanganya ndiko wanakojivunia.

Nne, usiogope chupa isiyo na umri. Kwa sababu ya uhaba niliouelezea, nyingi nzuri hazina namba, na zenye namba zina bei ya kukutoa machozi.

Chagua kwa kufuata unachokunywa sasa

Anayekunywa Scotch za mchanganyiko, za aina ya Johnnie Walker au Chivas, aanze na Hibiki Harmony. Ni mchanganyiko wa viwanda vitatu vya Suntory: Yamazaki, Hakushu na Chita. Ni laini, ina utamu kama wa asali. Mfuko ukibana, Toki imetoka katika viwanda hivyo hivyo kwa bei ya chini.

Anayependa single malt tamu zenye matunda, kama Glenlivet au Macallan, atafute Yamazaki, au Miyagikyo ya Nikka. Baadhi ya wiski za Yamazaki hukaa katika mapipa ya mwaloni wa Kijapani uitwao mizunara. Walianza kuutumia wakati wa vita, mapipa ya nje yalipokosekana. Ukikaa muda mrefu huacha harufu inayofananishwa na sandali na udi. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa hiyo ni harufu gani.

Anayependa moshi, mnywaji wa Talisker au Lagavulin, aende Yoichi, ambako bado wanachemsha kwa moto wa makaa ya mawe kama Taketsuru alivyojifunza. Asitarajie moshi wa kumkohoza, kwani wa Yoichi una adabu zaidi. Akitaka mdogo kuliko huo, Hakushu ya milimani ina moshi kidogo na harufu ya majani mabichi.

Kuonja, mimina kidogo katika bilauri mbili, Scotch yako huku na ya Kijapani kule. Nusa kabla ya kunywa. Onja kavu, kisha ongeza matone ya maji. Kwa joto la Mombasa kuna njia yao wenyewe: jaza bilauri barafu, wiski fungu moja, soda baridi mafungu matatu au manne. Wiski nyororo huvumilia maji bila kupoteza jina lake. Na ukinywa, usiendeshe.

Chupa ya pili

Nilikaa miezi kadhaa kabla ya kurudi kwa mzee. Safari hii nilimuuliza kwanza Scotch yake ina moshi au haina. Ina kidogo, akasema. Nikatafuta Yoichi, nikasoma mbele na nyuma, nikakagua stempu pale pale dukani huku muuzaji akinitazama kama askari wa ushuru.

Mzee alivaa miwani yake tena. Akasoma lebo hadi mwisho, akatikisa kichwa kukubali, akamimina bilauri mbili, ya zamani na mpya. Akanusa moja, akanusa nyingine, akanywa polepole. Kwa muda mrefu hakusema kitu.

“Ni ndugu,” alisema mwishowe. “Huyu amelelewa na watu wengine tu.”

Kisha akaniuliza habari za mnazi wa Kaloleni, kama bado wanautia maji. Nikamwambia inategemea mgema, na inategemea mnunuzi ameonja kabla ya kulipa au baada.